Fundi wa Moto wa Pili

Ungekuja pale kwetu ukasema biskuti ni ile tamu ya kwenye pakti, Fundi angekuuliza umesomea wapi. Halafu hata kabla hujajibu angekunyima mkate. Sitanii, angekunyima kweli. Nimeona watu wazima, na hela zao mkononi, wakigeuzwa mlangoni kwa kosa hilo. "Nenda kanunue hizo zako dukani," angesema, "hapa tunauza za kweli." Na za kweli, kwa maana yake yeye, zilikuwa tosti: mkate wa kawaida uliookwa leo, ukalala, kesho yake ukakatwa vipande na kurudishwa tanurini ukauke mpaka ulie ukiuvunja. Kariakoo nzima iliziita tosti. Yeye peke yake aliziita biskuti, na kwa miaka kumi na tatu niliyofanya kazi kwake sikuwahi kumsikia akiteleza.

Ukoo wake siujui, na alikozaliwa sikuuliza. Nilimkuta yuko vile alivyo, mfupi, mnene, kikoi na singlendi nyeupe, kofia ya mkono kichwani, kucha zimekatwa safi kuliko za bibi harusi. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya nyumba ya zamani Mtaa wa Sikukuu, limezingirwa na maghorofa pande tatu, na moshi wake ulikuwa ukipanda moja kwa moja kwa wauza mashuka wa ghorofa ya pili. Wakilalamika aliwapelekea mkate wa moto. Wakilalamika tena aliwapelekea tena, na sidhani kama wale watu walikuwa na shida yoyote na moshi.

Mimi nilitoka Masasi na mtoto mgongoni. Niliomba kufagia. Akanitazama, akamtazama Neema wangu, akauliza, "Unajua kukanda?" Nikasema najua. Nilikuwa namdanganya. Alinikabidhi karai la unga, baada ya dakika mbili akalichukua, akasema, "Basi fagia, Mama Neema. Kukanda utajua."

Watu wanadhani aliyeng'ang'ania neno la Kizungu vile lazima alikuwa mpenda Uzungu. Thubutu! Alikuwa hawezi kumvumilia mtu anayechanganya lugha kujionyesha. Kijana akija na kusema anataka mkate "fresh," Fundi alijifanya kiziwi mpaka aseme mkate wa leo. Kiingereza chake mwenyewe hakikuzidi maneno ishirini. Ila hilo moja alilijua mpaka kwao, na alijivunia kulijua kama wengine wanavyojivunia kiwanja.

Alilipataje? Hadithi hii nimeisikia mara nyingi kuliko mahubiri. Ujanani alikuwa kuli Bandarini, akishusha magunia ya ngano. Mpishi wa meli moja, mtu wa Goa, alimpa kitu kigumu kama kigae akamwambia ale. Fundi akakigonga mezani, kikalia ko. Mpishi akacheka, akamwambia hii ndiyo biskuti ya mabaharia wa zamani, imeokwa mara mbili, ndiyo maana inakaa baharini miezi na haioti ukungu. Fundi hakuamini. Alidhani Mgoa anamfanyia mzaha ale tofali.

Miaka ikapita, akaacha magunia, akashika tanuri. Alikuwa na mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kila asubuhi na kamusi kuukuu isiyo na jalada kwapani. Siku moja Fundi akamuuliza. Mwalimu akakaa kwenye benchi, akatafuta, akasoma. Kwamba Waingereza neno lile walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Bis, mara mbili. Coctus, kilichopikwa.

"Soma tena hapo," Fundi akamwambia.

Mwalimu akasoma tena.

"Na hizi za pakti zinaokwa mara ngapi?"

"Siku hizi mara moja tu, nyingi kati ya hizo."

"Basi hizo zinatumia jina la watu," Fundi akasema, na kuanzia siku ile tosti ikafa kinywani mwake. Mwalimu alimwandikia yote yale kwenye kipande cha mfuko wa unga. Fundi akakipigilia ukutani kwa misumari minne.

Machinga wa mtaani walimpenda kwa hilo. Biashara ikilala walikuja kumchokoza. "Fundi, tupe historia!" Na yeye, mtu aliyekuwa hana dakika ya kupoteza, alifuta mikono akaanza upya: Mgoa, meli, Wafaransa, Kilatini. Mmoja akitikisa kichwa kwamba haamini alipewa kipande bure avunje mwenyewe asikie. Nilimwambia, "Fundi, hawa wanakuja kula." Akasema, "Najua. Wanakula huku wanajifunza, we unataka nini tena?"

Siku mbaya kabisa ni ile aliyokuja mpwa wa mwenye nyumba, kijana anayeishi Marekani. Alikula tosti yetu, akasifia, akasema kule kwao biskuti ni laini, moto moto, inaliwa na mchuzi mzito asubuhi. Fundi aliacha kukata mkate.

"Laini?"

"Laini, mzee."

"Na mchuzi?"

"Na mchuzi."

"Sasa hiyo si andazi, jamani!"

Siku tatu hakuwa sawa. Alikuwa akikanda mara anasimama, anasema peke yake, "Na mchuzi!" Siku ya nne akasema ameelewa. Neno likisafiri mbali na kwao, alisema, huwa hakuna wa kulikumbusha lilikuwa linafanya kazi gani, likapewa kazi nyingine. Hakuwalaumu Wamarekani. Aliwaonea huruma tu, kwa sababu biskuti laini huwezi kumfungia mtu wa safari.

Na siku nzuri ilikuwa ile ya Posta. Binti yake alisikia kuna mgahawa huko wa kahawa za bei, wana chupa kubwa ya kioo mezani imejaa vipande vya mkate mkavu, wanasema ni vya Italia. Tulienda wawili, mimi na Fundi, yeye kavaa kanzu ya Ijumaa. Bei ilinitoa macho. Akanunua kimoja. Hakukila kwanza; alikivunja karibu na sikio, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akamwita yule kijana wa kaunta. "Hiki kimeingia motoni mara ngapi?" Kijana akaenda kuuliza jikoni, akarudi. "Mara mbili, mzee." Fundi akanigeukia, machozi yanamlenga. "Umesikia, Mama Neema? Tuna ndugu." Aliomba kuonana na mpishi. Mpishi akatoka na aproni yake, mtoto wa Kitanzania tu, na Fundi akamshika mkono kwa mikono miwili kama mtu aliyekutana na jamaa yake Makka.

Lakini nisimpambe sana. Alikuwa mbishi, na alikuwa na vituko. Mtu aliyetunyanyasa tosti zilie ukizivunja, yeye mwenyewe meno hakuwa nayo. Alizichovya kwenye chai mpaka zikameguka zikazama, halafu akazifukuza kwa kijiko. Ukimcheka alisema, "Nani kakwambia ulaini wa chai ni wangu? Ni wa chai." Mkate uliobaki hakuutupa, aliugeuza biskuti, lakini chupa tupu za maji alilimbikiza mpaka zikatufukuza stoo. Na alikuwa mgumu wa kusifu. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja nilikitaka kwake, na nilikitaka vibaya. Nilitaka aniite fundi. Kukanda nilijua, mwaka wa pili nikawa namshinda. Moto wa kwanza, ule wa kuoka mkate, aliniachia mwaka wa nne. Wateja walinisifu. Lakini yeye, mgeni akimuuliza huyu ni nani, alisema, "Huyu ananisaidia." Miaka inapita, ananisaidia. Nilikuwa nalala na neno hilo linanikereketa kooni.

Na moto wa pili hakumwachia mtu. Moto wa pili, kwanza, hauna moto. Makaa yameshakokolewa nje, tanuri limebaki na joto la matofali, vipande vinaingia vinapangwa, mlango unafungwa kwa udongo, basi, hufungui mpaka alasiri. Ukikosea huna pa kurekebishia. Likiwa na joto kupita kiasi mkate unakauka nje, ndani unabaki na maji. Likiwa limepoa hakuna kitu. Kwa hiyo kazi yote ni kujua lini ufunge. Kipimajoto hakukitaka. Alitia mkono wake wa kulia mdomoni mwa tanuri mpaka kwenye kiwiko, akasoma Al-Hamdu mara tatu. Kama mkono unamshinda kabla hajamaliza, tanuri bado kali, anasubiri. Akimaliza ya tatu ndipo mkono unaanza kukataa, anasema "Amin," anaingiza mikate. Mkono ule haukuwa na unyoya hata mmoja. Wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Wapishi wengine waliopita pale walikuwa Waislamu wote, wakaona kawaida. Mimi ni Mkristo, Mkatoliki wa Masasi, na nilijiambia pengine ndiyo sababu haniachii.

Sasa basi. Ilikuwa masika, mwezi wa nne, shule za bweni zinakaribia kufunguliwa. Kina mama wa Kariakoo na Ilala wana desturi hiyo mpaka leo: mtoto akirudi shule mkoani anafungiwa kopo la tosti, maana linamaliza hata mwezi. Tulikuwa na makopo mengi ya watu yamepangwa kwenye benchi na majina yao. Mkate wa kuyajaza ulikuwa umeshaokwa mara ya kwanza. Asubuhi ikaja simu, dada yake Fundi kafariki Kibaha. Akaondoka vile vile alivyo. Mlangoni akageuka. "Moto wa pili usiuguse. Kesho mapema nipo."

Usiku mvua ikanyesha ile ya kwetu. Jangwani ikajaa, barabara ikafungwa, simu yake haipatikani. Kesho mapema ikapita, mchana ukapita. Mkate ule kwa unyevu ule usingevuka siku nyingine, na kina mama wanakuja jioni, watoto wanasafiri alfajiri.

Nikakokoa makaa. Nikatia mkono. Al-Hamdu siijui, nikasema Mungu ni mmoja, nikasali Baba Yetu. Mara tatu, kama yeye. Jamani lile joto! Ya kwanza nilisali kama Mkristo. Ya pili niliikimbiza. Ya tatu sidhani hata Mungu mwenyewe aliipata, ilikuwa "Babayetuuliyembinguni" mpaka "Amina" kwa pumzi moja. Lakini nilimaliza! Nikaingiza mikate, nikapiga udongo, nikakaa chini najiona mkubwa. Alasiri nikafungua: rangi ya dhahabu, nzuri, sijawahi kuona. Kina mama walizisifia. Mmoja akasema, "Leo Fundi kajipita." Nilicheka moyoni mpaka usiku.

Fundi alirudi kesho yake, hakuuliza. Aliona makopo hayapo, akaona udongo mpya mlangoni mwa tanuri, akaenda kukanda.

Wiki mbili baadaye akaingia mama mmoja na kopo, kalishika kwa mbali. Shule ya mwanawe iko Morogoro, alikwenda kumtembelea. Akalimimina mezani kwetu mbele ya wateja. Ukungu wa kijani, mpaka unatoa harufu. "Fundi, hiki ndicho unachompa mwanangu ale? Ndiyo biskuti yako hii ya kusafiria?"

Nilifungua mdomo. Fundi alinitangulia.

"Tanuri ni langu, dada yangu," akasema. "Kosa langu. Nisamehe."

Mbele ya watu wote wale. Mbele ya machinga waliokuwa wakimwita atoe historia. Siku ile hakuna aliyeomba historia. Akamwandalia kopo jingine, akaulizia waliobaki mmoja mmoja, akaoka upya yote, akayatuma kwa mabasi, Iringa, Tabora, Songea. Sikula siku mbili. Nilijua sasa nitafukuzwa, na nilijua ni haki.

Siku ya tatu tuko wawili, akasema bila kunitazama, "Ulipimaje?"

Nikamwambia. Baba Yetu, mara tatu.

"Nisalie nisikie."

Nikasali, pale pale, mikono ina unga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dua yako nzuri," akasema. "Haina tatizo. Wewe uliiomba mbio."

Akarudi kwenye kazi yake. Hakuwahi kulitaja tena, si kwa ugomvi wala kwa utani. Na moto wa pili ukabaki wake, na mimi nikabaki ninayemsaidia. Ila nyumbani, jikoni kwangu, nilianza kusali Baba Yetu polepole juu ya jiko la mkaa, mkono juu, mpaka Neema akadhani mama yake kaokoka.

Miaka mitano baada ya hapo nilisikia harufu. Nilikuwa kwenye meza, nikanusa kitu kinaungua ambacho si mkate. Nikageuka. Fundi kasimama mdomoni mwa tanuri, mkono ndani, anasoma taratibu, uso umetulia, na ngozi ya mkono inatoa malengelenge. Nilimvuta kwa nguvu mpaka tukaanguka wote. Alikuwa hasikii joto. Sukari ilikuwa imemla mishipa ya mikono, kumbe ni muda mrefu, alikuwa anakisia tu.

Alikaa sakafuni akiutazama ule mkono. Sijawahi kumwona mdogo vile. Kisha akasema, "Mama Neema, leo tia wewe."

Nikatia. Mara tatu, polepole, na machozi yananitoka, ya joto na ya mengine. Tosti zilitoka safi. Akavunja moja, akasikiliza, akaiweka chini. "Haya," alisema. Basi. Haya.

Kuanzia hapo moto wa pili ukawa wangu, lakini moyo haukutulia. Nilikuwa nimepewa kwa sababu nimekuwa fundi, au kwa sababu mkono wake umekufa na wangu ulikuwa jirani? Mwaka mzima aliendelea kukaa pale na kiti chake, na mgeni akimuuliza, mimi bado ni mtu anayemsaidia. Kisha miguu nayo ikaanza, binti yake akamchukua Mbagala, tanuri likabaki na mimi. Wateja wakifika waliangalia juu ya bega langu. "Fundi yupo?" Nasema hayupo. "Basi tutarudi." Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Nilijibu hivyo hivyo mwenyewe: Fundi hayupo. Sikuona mwingine wa kuitwa hivyo.

Mwaka jana, siku ya Alhamisi, mchana, bajaji ilisimama nje. Akashuka na fimbo, kanzu ya Ijumaa, hakuwa ametoa taarifa. Nilikimbia kumletea kiti chake cha pembeni ya tanuri.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani yuko mbele yangu?"

Nilidhani hajanielewa. Kiti akakikataa. Akaenda kwenye benchi la wateja, akakaa nyuma ya mama mmoja na msichana wa chuo mwenye mkoba mgongoni, fimbo katikati ya magoti, anasubiri zamu. Nikamhudumia yule mama. Zamu ya msichana ikafika.

"Mama, nipe tosti za kopo moja."

"Hizi ni biskuti," nikasema. Lilinitoka tu. Ni mazoea ya nyumba ile.

Akacheka. "Biskuti? Mama wee!"

Basi nikamwambia. Nikampa Mgoa na meli, Wafaransa na Kilatini, bis na coctus. Nikaongeza Italia, ambayo Fundi huwa haiweki, na Marekani nikairuka kwa sababu mwenyewe yupo na sikutaka kumpandisha presha. Huku nasimulia namwangalia kwa pembeni, nasubiri aseme hapo umekosea, hapo umeruka, kama alivyofanya miaka yote. Yeye anatazama tanuri.

Msichana hakuridhika. Akamgeukia. "Shikamoo babu. Eti ni kweli, au mama ananipiga kamba?"

"Marahaba mjukuu wangu," Fundi akasema. "Mimi nimekuja kununua tu. Muulize fundi."

"Fundi yupi?"

Akainua fimbo, akaninyooshea.

"Huyo hapo. Kwani hapa unamwona mwingine?"